Kitabu Kilichofuliwa

Ilikuwa saa nne na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumamosi, upepo ulipopanda kutoka ziwani na kuzitawanya nyimbo za Mwalimu Ezekieli. Saa naijua kwa sababu Masalu, katibu wetu wa kwaya, alikuwa ametoka tu kutazama saa yake ya mkononi na kutukemea kwamba tumechelewa kuanza kwa dakika kumi. Tulikuwa tunafanyia mazoezi nje, ubavuni mwa kanisa letu la Mabatini, maana ndani mafundi walikuwa wanapaka chokaa. Mwalimu alikuwa amezipanga karatasi zake juu ya benchi, fuluskepu zilizoandikwa kwa mkono, solfa juu na maneno chini, na kila rundo amelikandamiza kwa jiwe. Mawe hayakutosha. Karatasi ziliinuka kama kundi la yangeyange, zikavuka barabara, nyingine zikaingia kwenye duka la vipuri vya baiskeli, na mbili zikatua ndani ya mtaro wa maji machafu. Sisi wa sauti ya kwanza na ya pili tulikimbia huku tumekunja kanga. Wale wa sauti ya nne, wanaume wazito, walibaki wamesimama wakitoa maelekezo. Tulipomaliza kuokota, Mwalimu alizihesabu mara mbili, akaketi kwenye benchi, akasema kwa sauti yake ya kawaida, "Ule wa mavuno umekwenda." Hakuwa na nakala. Nyimbo zote alizotunga tangu ujana wake zilikuwa kwenye rundo lile moja, na alikuwa akizibeba katika mfuko wa nailoni wa dukani.

Nimeanza na saa hiyo kwa sababu mwezi uliopita tulimzika mke wa Mwalimu, Mama Yohana, huko Kisesa. Jioni, watu walipokuwa wamekwisha kula na msiba umelegea kidogo, nilimsikia kijana mmoja nyuma yangu akimwambia mwenzake, "Huyu bibi ndiye alifua kitabu." Wakacheka kwa adabu, mikono midomoni. Hadithi hiyo nimeisikia ikisimuliwa kwa namna nyingi, na zote zina makosa. Kuna wanaosema ilikuwa Biblia. Kuna wanaosema alikiloweka kwenye beseni hadi asubuhi. Sikugeuka kuwasahihisha vijana wale, lakini tangu siku ile situlii. Nafungua duka langu hapa Buzuruga, napanga daftari na gundi mahali pake, kisha nazipanga tena. Mimi sikusoma zaidi ya darasa la saba. Kila ninachokijua nimekipata kwa kukibomoa na kukitazama. Mwaka ule nao nitautazama kwa njia hiyo hiyo.

Nilikuwa na miaka ishirini na nilikuwa nakaa kwa mama mdogo, vyumba viwili vya kupanga nyuma ya mashine ya kusaga. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa stoo ya biashara yake ya mitumba. Robota lilikaa katikati kama ng'ombe aliyelala, nasi tulilizunguka kwenda kulala, kupika na kuoga. Mashine ilipowashwa vikombe vilitembea mezani vyenyewe. Tulikula ugali wa muhogo na dagaa, na siku ambazo biashara ilikwenda vizuri tulikula mapanki, yaani mifupa ya sangara iliyobaki viwandani baada ya minofu kupelekwa Ulaya. Mama mdogo aliinyonya mpaka ikang'aa. Mji mzima ulikuwa haukai mahali pamoja. Waliokuwa makarani walikuwa wanauza sabuni, waliokuwa wanauza sabuni walikuwa wamehamia kwenye samaki, na haukupita muda mrefu bila kusikia kwamba geti la mahali fulani limefungwa na watu wametoka na bahasha. Mwalimu Ezekieli mwenyewe alikuwa amepunguzwa kazini ukarani. Nami sikukaa. Nilikuwa nimejaribu maandazi, nimejaribu cherehani kwa fundi mmoja, nimejaribu kusimama kwenye meza ya mama mdogo na kuita wateja, na kote huko miguu ilinipeleka mlangoni kabla kichwa hakijaamua.

Jioni moja, si siku nyingi baada ya ule upepo, nilikuwa uani nasugua sufuria nikamsikia mama mdogo akizungumza na jirani yetu upande wa pili wa mabati.

"Mtoto hana baya," alisema mama mdogo. "Ila haoti mizizi. Leo hapa, kesho pale."

"Muoze."

"Nimuoze kwa nani? Ukimwita anakuja, ukigeuka hayupo. Mimi nimekwisha kuamua. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Perusi akiweza kutoa nusu, elfu kumi na mbili, abaki mjini, chumba ni chetu sote. Asipoweza, mwaka ukiisha anarudi Majita akalime muhogo na wenzake."

"Na umemwambia?"

"Ananisikia. Si unaona sufuria imenyamaza?"

Nikaanza kusugua tena, kwa nguvu. Sikuwa na chuki na Majita wala na jembe. Lakini niliijua siku ya kule ilivyo tangu asubuhi hadi jioni, na mwaka mzima ulivyo, na nilihisi kwamba nikirudi nitaendelea kutazama mlango mpaka nizeeke.

Kwaya ilikutana Jumamosi iliyofuata kuzungumzia nyimbo. Masalu alikuwa amekwenda kwa wachapaji mjini kuuliza bei ya kuzijalidi ziwe kitabu chenye jalada gumu, na alirudi na jibu moja tu. "Wanataka pesa yote ya sare," alisema. "Mchague, tuimbe tumevaa bila kitabu, au tuimbe na kitabu bila kuvaa." Watu walicheka, ingawa ilikuwa kweli. Nikajisikia nasema kwamba nitakitengeneza mimi.

"Umewahi kutengeneza kitabu, Pelusi?" Masalu alikuwa Msukuma wa Magu, na jina langu halikuwahi kutoka mdomoni mwake kama lilivyoandikwa.

"Hapana."

"Basi angalau fundi wetu ni mkweli."

Mwalimu aliufunga ule mfuko wa nailoni, akanipa. "Usinionyeshe mpaka kiwe kitabu," alisema.

Nilianza kwa muuza karanga. Ofisi zilizofungwa zilikuwa zinauza makaratasi yao kwa kilo, na wauza karanga walikuwa wanafungia kwenye kurasa zilizochapwa vizuri kuliko gazeti lolote. Yule wa kona yetu alikuwa na kitabu kikubwa cha jalada gumu ambacho kurasa zake nusu zilikuwa zimekwisha kuliwa na biashara. Nilikipata kwa kumpimia unga. Nyumbani nilikibomoa kwa kisu na mvuke wa sufuria, na kila kipande nilichotoa nilikilaza mkekani mahali pake, kama mtu anayemchambua kuku ili ajue jinsi viungo vinavyokaa. Hapo nikagundua jambo ambalo lingeniokoa baadaye. Jalada gumu halishonwi pamoja na kurasa. Kurasa hushonwa peke yake, makunjo kwa makunjo, na mgongo wake kupakwa gundi na kubandikwa kitambaa chepesi kama chachi. Jalada nalo hutengenezwa peke yake, kama koti kwa fundi, kisha kitabu kinavalishwa. Kinachovishikanisha ni ile chachi na karatasi mbili tu, moja mbele na moja nyuma.

Kujua si kuweza. Jalada langu la kwanza nililitengeneza kwa boksi la sabuni, nikabana vipande vya mbele, nyuma na mgongo vikagusana, kwa kuwa niliona nafasi baina yao kuwa uzembe. Lilipokauka halikufunguka, lilikuwa mlango uliojengewa ukuta. Nilirudi kwenye kile kitabu cha muuza karanga, nikapima ile nafasi kwa kijiti cha kiberiti, nikakuta ni upana wa vijiti vitatu vikilazwa pamoja. La pili lilifunguka vizuri, lakini boksi la sabuni lina mawimbi ndani yake, na lilijikunja kama chapati. Tena gundi yangu ilikuwa uji mzito wa muhogo, na mende wa nyumba ile walikuwa na maoni yao kuhusu muhogo. Siku tatu baadaye kona zote zilikuwa zimetafunwa. Mama mdogo alilinyanyua kwa vidole viwili. "Umewapikia," alisema.

Kadibodi niliipata kwa Mhindi mmoja wa vitambaa katikati ya mji. Vitambaa vya nje vilikuwa vimejaa madukani tangu mipaka ilipolegezwa, na kila jora lilikuwa limezungushwa kwenye bao la kadibodi nene, iliyonyooka, ambayo ilitupwa jora likiisha. Nilikaa kwenye ngazi za duka lile nikisubiri majora yaishe, jambo ambalo kwa miguu yangu ilikuwa kazi kubwa kuliko kushona. Kuhusu mende, muuza dawa za mifugo aliniambia nitie mrututu kwenye uji, punje chache za lile jiwe la buluu, zisagwe. Nilitia. Mende walikuja, wakaonja, wakaondoka. Kwa kubana jalada likauke likiwa limenyooka, nililiweka chini ya robota la mitumba, na hakuna mashine ya mchapaji yeyote iliyokuwa nzito kuliko lile.

Kikabaki kitambaa. Ndani ya robota moja mama mdogo alikuwa amekuta pazia la buluu, zito, la pamba tupu, ambalo hakuna mteja aliyelitaka kwa kuwa halikuwa nguo ya mtu. Nililijaribu kwenye kipande cha kadibodi; gundi haikuchungulia upande wa pili hata kidogo. Nililipeleka kwenye mazoezi na kina mama wa sauti ya kwanza wakalizunguka bila kuligusa.

"Hii si kafa Ulaya hii?"

"Ndiyo, mama. Ni pazia."

"Kitabu cha nyimbo za Bwana kivae pazia la mzungu marehemu?"

"Mwenyewe umevaa sketi yake," Masalu alisema kutoka upande wa wanaume, na ikabidi Mwalimu apige kengele ili tuanze kuimba.

Aliyemaliza mjadala alikuwa Mama Yohana. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mwenye macho yaliyozoea kutazama kitu kwa karibu, maana kwa miaka mingi alikuwa mkaguzi katika kiwanda cha nguo: nguo ilipita mbele yake juu ya meza yenye taa, naye akatafuta madoa na nyuzi zilizokatika. Kiwanda kile kilipopunguza watu, hakikuwa na fedha za kuwalipa wote, kikawapa baadhi yao nguo. Yeye alipewa marekani, ile nguo nene nyeupe isiyotiwa rangi. Alikuwa ameiweka sandukuni bila kuikata. Alinikatia kipande chake mwenyewe, kwa mkasi wake, akafuata uzi mmoja tangu mwanzo hadi mwisho.

"Utaifua kwanza," aliniambia.

"Hapana, mama. Ule wanga wa kiwandani unazuia gundi isipenye. Nikiifua itanywa."

Alifikiri. "Nguo ambayo haijafuliwa bado ni mali ya kiwanda," alisema. Lakini alinipa.

Jalada lile la marekani lilikuwa kitu safi kuliko vyote nilivyokuwa nimewahi kutengeneza kwa mikono yangu. Nilikunja kona mara tatu kabla ya kuridhika. Wakati wa kupaka gundi, wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoinuka kama moshi waliingia dirishani, na mmoja akabaki chini ya kitambaa, upande wa nyuma, kama nukta. Nilishona kurasa kwa uzi wa nyavu, na mahali pa ule wimbo wa mavuno niliacha karatasi mbili tupu. Mwalimu alipokipokea alikifungua katikati, akakilaza mezani, na kikalala wazi chenyewe bila kushikwa. Aliimba mstari wa kwanza wa wimbo uliokuwa umefunguka, kwa solfa, taratibu, akageuza ukurasa.

Kwa muda wa miezi michache nilikuwa fundi bila wateja. Kitabu kilikaa kwa Mwalimu na kilikuja kwenye mazoezi kila Jumamosi, kikapita mikononi. Masalu alikishika baada ya kula samaki. Mwalimu alikuwa na tabia ya kulamba kidole gumba. Taa ya chemli ilikitia moshi, vumbi la Mabatini likakitia lake, na mgongo wake ukawa na rangi ya nyayo. Hayo sikuyajali, kwa sababu Masalu alikuwa ameleta habari iliyonifanya nisilale vizuri: kwaya za mitaa jirani na moja kutoka upande wa Musoma zingekuja kuimba kwetu Jumapili moja ya mwezi wa kumi, na walimu wao walikuwa wamesikia habari za kitabu. "Wote wana karatasi kwenye mifuko ya nailoni kama sisi," alisema. "Kivalishe vizuri." Nilipiga hesabu njiani nikienda nyumbani. Vitabu vitatu au vinne tu vingenifikisha kwenye zile elfu kumi na mbili. Kama wageni wangekitazama wakaona takataka, mwaka ulikuwa umebakiza miezi miwili na Majita ilikuwa palepale.

Siku ya kuamkia wageni, asubuhi, nilipanda kwa Mwalimu kukichukua ili nikikague kona. Nyumba yao ilikuwa juu kwenye mawe, kama nyumba nyingi za upande ule, na kina mama walianika kila kitu juu ya mwamba uliokuwa nyuma. Mwalimu alikuwa ameshuka Buzuruga kupokea wageni wa basi. Nilimkuta Mama Yohana anasuuza beseni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Kiko kule juu, kinakauka."

"Kinakauka nini?"

"Kitabu. Nimekifua." Alijifuta mikono. "Kilikuwa kimeota ukoko, Perusi. Mgongo mweusi kama kwapa la mpagazi. Wageni wangesema kina mama wa Mabatini hawana sabuni."

Nilipanda kwenye mwamba. Kati ya mashati ya Mwalimu na shuka, kitabu kilikuwa kimelazwa kifudifudi, jalada limefunguliwa kama mabawa, na kurasa zote amezifunga ndani ya mfuko wa nailoni kwa mpira, kwa uangalifu wa mtu anayemwosha mgonjwa mwenye kidonda. Hakukiloweka. Alilisugua jalada kwa burashi na sabuni ya mche, akalisuuza kwa kumwagia maji kidogo kidogo. Marekani ilikuwa imeinuka kutoka kwenye kadibodi na kujaa hewa. Kadibodi imevimba mara mbili ya unene wake. Na juu ya ule weupe, jua likizidi kupanda, yalikuwa yanatokea mabaka ya buluu ya kijani, yakikua nikiyatazama. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba mrututu ukikutana na sabuni hutoa rangi isiyotoka tena. Siku ile nilijua tu kwamba yametoka ndani, kwenye gundi yangu, na kwamba kadiri alivyozidi kusugua ndivyo alivyozidi kuyaita.

Alikuja akasimama kando yangu. Alitazama mabaka yale kwa namna ambayo nadhani alitazama nguo zote za maisha yake, akitafuta yalikoanzia. "Hili si doa langu," alisema polepole. "Lakini mkono ni wangu." Kisha akaketi juu ya mwamba, kwenye jua kali, na kwa mara ya kwanza nilimwona mwanamke yule hana cha kufanya na mikono yake.

Nilitaka kuondoka. Ninakumbuka kabisa jinsi miguu ilivyogeuka kuelekea njia ya kuteremka. Kilichonizuia hakikuwa ujasiri, kilikuwa udadisi: nilitaka kujua kama kurasa zimepona. Nilifungua ule mpira. Ndani kulikuwa kukavu kama unga. Nikaomba wembe, nikapitisha kwenye karatasi zile mbili na ile chachi, mbele na nyuma, na kitabu kikatoka ndani ya jalada lake kama mtu anayevua koti lililolowa. Nyimbo zote zilikuwa mikononi mwangu, zimeshonwa, hazijaguswa na tone.

"Ala," alisema Mama Yohana. "Kumbe linavuliwa."

Nilikimbia nyumbani nikaleta kadibodi, muhogo, na lile pazia la buluu, ambalo nilikuwa nalilalia. Vipimo nilivichukua kwenye kurasa, maana kadibodi za zamani zilikuwa zimevimba na zingenidanganya. Mama Yohana alilichukua pazia, akalinyoosha kwenye mwanga wa mlango, akalivuta kwa mshazari, akapitisha kidole gumba toka upindo hadi upindo. "Uzi umepigwa karibu karibu," alisema. "Aliyekagua hii alikuwa macho." Akanirudishia. "Kata." Nilikata, nikapaka, nikakunja, nikavalisha. Lakini kitu kimoja sikuwa nimekifikiria. Siku ile mama mdogo alikuwa amefungua robota na kulipeleka lote sokoni, na bila uzito jalada lingekauka limejikunja mbele ya wageni. Nilitazama huku na huko ndani ya nyumba ya watu. Mama Yohana alileta mbao mbili za kitanda, akakiweka kitabu katikati, akaweka mto juu, na akakalia.

Alikalia mchana wote. Aliletewa ungo wa mchele wa wageni akauchambua akiwa pale pale. Kina mama wa kwaya waliokuja kupika waliingia na kutoka.

"Mama Yohana, huumwi?"

"Siumwi."

"Mbona hunyanyuki? Wageni wa Musoma wako nje wanakusalimia."

"Waambie waingie. Nina kazi."

"Kazi gani ya kukaa?"

"Ndiyo ngumu kuliko zote. Muulize Perusi."

Walicheka, na alipowaeleza walicheka zaidi, na mmoja wa wale waliolikataa pazia akasema angalau sasa litakuwa limebarikiwa na makalio ya mwenye nyumba. Mimi nilikaa sakafuni karibu naye, namenya vitunguu. Watu walipotoka alizungumza, macho yakiwa kwenye mchele. Alisema siku ya mwisho kiwandani walizimiwa taa za meza ya kukagulia huku nguo ingali juu yake, nusu imepita na nusu haijapita, na kwamba bado anajiuliza ile nusu ya pili nani aliikagua. Alisema tangu siku hiyo hafui eti kwa sababu vitu ni vichafu. Anafua kwa sababu mikono haijaambiwa kwamba kazi imekwisha. Nilikuwa na miaka ishirini na nilidhani kutotulia ni ugonjwa wa vijana.

Jumapili kitabu cha buluu kiliingia kanisani mbele ya kwaya. Tuliimba vizuri, si vizuri sana. Baada ya ibada, chini ya turubai, walimu wa kwaya ngeni walikigeuza geuza. Mwanamke mmoja kutoka upande wa Musoma aliukwaruza mgongo kwa kucha. "Hili si pazia?" aliuliza. Masalu alifungua mdomo. Kabla hajasema, Mama Yohana alichomoa kutoka kwenye kikapu chake lile jalada la marekani, limekauka, limejikunja, lina mabaka kama ramani, akaliweka mezani katikati ya sahani za pilau.

"Hili ndilo la kwanza," alisema. "Nililifua mimi, jana, kwa burashi. Tazameni lilivyokufa." Kisha akakifungua kitabu. "Na hizi ndizo nyimbo zilizokuwa ndani yake. Tafuteni doa."

Walitafuta. Walikipitisha mkono kwa mkono, na walimu wale, ambao kila mmoja alikuwa na karatasi zake zimekula chumvi ya jasho kwenye mfuko, walizidi kukigeuza kwa namna ambayo sikuielewa mpaka mmoja wao aliponiuliza ninachukua muda gani. Mama Yohana alilibeba jalada lile bovu kila alipokwenda kwa wiki zilizofuata, mpaka Igoma, mpaka Kisesa, akiwaonyesha watu kosa lake mwenyewe kama mtu anayeuza dawa. Aliniletea kwaya tatu, pamoja na mwalimu mmoja wa shule aliyetaka kujalidi masomo yake. Kwaya moja ilinilipa nusu kwa dagaa. Nyingine ilitaka jalada jeupe, nikakataa.

Mwezi wa kumi na mbili mwenye nyumba alikuja, akakaa kwenye kigoda uani akisubiri. Nilimpa mama mdogo fedha zangu zikiwa kwenye pindo la kanga. Alizihesabu akiwa amenipa mgongo.

"Hazijafika," alisema.

"Najua, mama mdogo."

"Unajua, na bado umesimama hapo?"

"Nimesimama."

Aligeuka, akanitazama miguuni badala ya usoni. Nje mwenye nyumba alikohoa. Mama mdogo aliingia chumba cha ndani, nikasikia sanduku linafunguliwa na kufungwa, akapita mbele yangu kwenda uani, na niliwasikia wakibishana kwa sauti ya chini mpaka kigoda kikasogezwa. Aliporudi alikuwa anafunga upya kanga yake kiunoni. "Zilizopungua ni zangu, utazilipa mwezi wa tatu," alisema. "Na hizo kadibodi zako zitoe mlangoni, watu wanajikwaa." Nilizihamishia chini ya kitanda changu. Nilikuwa nimetoa gharama za uzi, muhogo, mrututu na nauli zote, na nilichokuwa nimeweka akiba kwa mwaka mzima kilikuwa shilingi elfu tisa na mia sita.